Mgeni aombe jembe

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya kamati za wakimbizi wa ndani, washefu wa kartie na jamaa zinazopokea wageni. Msemaji ni mwalimu aliyehama mara mbili kwa sababu ya vita. Tunayachapisha karibu kama alivyoyasema.



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kujitolea katika programu za kompyuta. Najua wengine wenu tayari wanajiuliza: huyu naye anatuletea nini? Watu wanalala pabaya, watoto hawasomi, naye anatuzungumzia kompyuta. Naomba mnivumilie kidogo. Nitaanza na jambo ambalo sisi sote tunalijua vizuri, yaani siku ya kuhesabiwa.

SIKU YA KUHESABIWA

Mnakumbuka jinsi inavyokuwa. Vijana wa shirika wanafika asubuhi, kila mmoja na simu mkononi. Anakuuliza jina, anakuuliza kijiji ulikotoka, anakuuliza watu wangapi wanalala ndani, huku akigusa kioo cha simu. Kisha anakwenda kwa jirani. Baada ya majuma mawili au matatu jetoni zinagawanywa, na hapo kila mtu anajua kama simu ile ilimkumbuka au ilimsahau.

Mwaka 2023 nilikuwa katika kambi moja magharibi ya Goma, pamoja na mke wangu na watoto wetu wanne. Tulikuwa tumetoka Masisi. Karibu nasi alikaa mama mmoja mjane na watoto wake watatu. Hakuwa na hema lake, alilala katika hema la shemeji yake. Siku ya kuhesabiwa, kijana alisoma swali katika simu jinsi lilivyoandikwa: "Kaya hii ina watu wangapi?" Kaya ni neno zuri la Kiswahili, na watu wa Tanzania wanalitumia kila siku. Lakini sisi kwetu tunasema menaji. Shemeji yake alifikiri wanauliza juu ya hema. Akajibu: "Watu kumi na mmoja." Kijana akaandika kumi na mmoja. Basi menaji mbili zikawa menaji moja, na siku ya mgawo ikatoka jetoni moja, kwa jina la shemeji.

Mambo hayo yalizipata hema nyingi za safu yetu. Ng'ambo ya barabara walikaa watu ambao wengi wao ni wa kabila lingine. Wao walihesabiwa na kijana mwingine, ambaye hakusoma swali. Aliuliza kwa maneno yake mwenyewe: "Hapa ndani mna menaji ngapi?" Wao wakapata jetoni sawasawa.

Mnaweza kufikiri yaliyofuata. Upande wetu watu walianza kusema kwamba shirika limenunuliwa, kwamba wale wa ng'ambo wana mtu wao ndani ya ofisi. Upande wao wakasema kwamba sisi tunataka kula mara mbili. Jioni ya pili vijana waliokota mawe. Kama mama mmoja wa kamati yetu na mzee mmoja wa upande ule hawangesimama katikati ya barabara mpaka usiku, tungezika mtu.

Sisi sote tulikuwa tunatafuta mwizi, na mwizi hakuwako. Kulikuwa na neno moja ambalo halikueleweka.

Shirika lilikubali kurudi na kuhesabu upya. Mama yule alipata jetoni yake baada ya majuma sita. Katika majuma hayo sita watoto wake walikula kwa majirani, na majirani wenyewe hawakuwa na kitu.

PROGRAMU ILE NI YA NANI?

Kijana aliyehesabu safu yetu alibaki na aibu, ingawa kosa halikuwa lake. Siku moja alikuja kuketi nami. Nikamuuliza: "Programu iliyo ndani ya simu yako, mwenyewe ni nani? Nikitaka kumwandikia barua, nimwandikie nani?"

Aliniambia mambo mawili. La kwanza, maswali yanaandikwa na shirika. Kwa hiyo neno kaya lilitoka kwa shirika, na kulibadili ni kazi ya dakika chache kama mtu amewaambia mapema. La pili, programu yenyewe inayobeba maswali hayo, pamoja na vitufe vyake vyote, ni programu huria. Mtu yeyote anaweza kuona jinsi ilivyotengenezwa, kuitumia bila kulipa, kuirekebisha, na kuwapa wengine marekebisho yake.

Mama zangu, nitaeleza kwa mfano wa sombe. Ukinunua sombe iliyopikwa tayari, unakula tu. Chumvi ikizidi, utanung'unika, basi. Lakini jirani akikuita jikoni mwake na kukuonyesha jinsi anavyotwanga na kutia mawese, unaweza kumwambia: "Dada, punguza chumvi." Unaweza pia kurudi kwako na kuipika kwa namna yako. Programu nyingi zinauzwa kama sombe ya sokoni, maandishi yake ya ndani yamefichwa. Programu huria ni jiko lililo wazi. Lakini jiko hilo lina wenyeji wanaolitunza, na lina leseni, yaani masharti yanayosema unaruhusiwa kufanya nini. Kuwa wazi si kukosa mwenyewe.

Programu kama hizo zilianza zamani. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa na miaka 21, alitangaza kwamba anatengeneza programu ya kuendesha kompyuta, akaomba maoni ya watu. Watu wasiomjua wakaanza kumsaidia. Programu hiyo inaitwa Linux, na leo iko ndani ya kila simu ya Android, hata hizi zetu zenye kioo kilichopasuka.

Karibu na kwetu, mwezi wa kwanza mwaka 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipokuwa zinaichoma Kenya, Wakenya wachache na rafiki zao walitengeneza programu waliyoiita Ushahidi. Raia alituma habari za mahali penye fujo, nazo zikaonekana kwenye ramani. Baadaye waliifanya kuwa huria, na mwishoni mwa mwaka huohuo ilitumiwa kwa habari za vita vya Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa kwanza mwaka 2010 tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti, ilitumiwa tena. Watu walituma ujumbe mfupi kwa lugha yao ya Kikreoli, na Wahaiti wanaokaa nchi nyingine wakajitolea kutafsiri na kueleza kila mtaa uliotajwa uko wapi. Angalieni hapo. Wengi wao hawakuwa mafundi wa kompyuta. Walijua lugha na walijua mitaa, na bila ujuzi huo mafundi wangekwama.

Na programu za kuhesabia tulizozizoea? Moja inaitwa ODK. Ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, chini ya profesa Gaetano Borriello. Nyingine ni KoboToolbox, iliyoanzishwa na watafiti wa Harvard, Patrick Vinck na Phuong Pham, na sehemu yake ya simu imejengwa juu ya kazi ya ODK. Watafiti hao wawili wanaijua Kongo ya mashariki. Mwaka 2008 walitoa ripoti ya utafiti uliowauliza raia wa Ituri na wa Kivu zote mbili wanafikiri nini juu ya amani na haki. Programu hizo zinatumika katika nchi nyingi, na watu wa kujitolea wamesaidia kuzitafsiri katika lugha nyingi.

Niliposikia hayo nilijiambia: kumbe kitu kinachotuhesabu, sisi tunaohesabiwa tunaweza kukigusa.

MILANGO YA KUINGILIA

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sikuwa na kompyuta. Nilikuwa na simu moja, Kifaransa cha darasani na Kiingereza cha kubabaisha. Nilifikiri kazi hii ni ya wataalamu peke yao. Nilikosea. Mtu mpya anaweza kuingia kwa milango mitano.

Mlango wa kwanza ni kutoa habari ya kasoro. Programu ikikwama, waambie watunzaji wake. Lakini usiandike tu "haifanyi kazi", kama vile mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" na kunyamaza. Eleza mambo matatu: nilifanya nini, nilitegemea kuona nini, na nimeona nini. Ongeza aina ya simu yako na namba ya toleo la programu. Habari iliyoandikwa namna hiyo ni zawadi kwa fundi.

Mlango wa pili ni kutafsiri. Hapo sisi tuna mali. Kiswahili cha Masisi, cha Uvira, cha Bunia na cha Kalemie hakifanani sana na kile cha vitabuni, na wanaotengeneza programu hawawezi kujua jambo hilo kama hatuwaambii.

Mlango wa tatu ni maelezo ya matumizi. Programu nyingi zina maelezo yaliyoandikwa na mafundi, na fundi anaruka hatua bila kujua, kwa sababu kwake ni rahisi. Mtu mpya anaona mahali ngazi ilipokosekana, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanguka pale. Ukishazoea, utasahau ulianguka wapi. Kwa hiyo andika siku ileile.

Mlango wa nne ni kujaribu toleo jipya kabla halijatolewa kwa wote. Katika kazi hii simu yetu ya zamani ni faida. Mafundi wengi wana simu mpya. Sisi tunajua programu inafanya nini katika simu ya bei ndogo, batri ikibaki kidogo na mtandao ukienda na kurudi.

Mlango wa tano ni kuandika programu yenyewe. Vijana wanaotaka wanaweza kujifunza polepole. Miradi mingi ina orodha ya kasoro iliyo wazi kwa wote, na katika orodha hiyo kazi nyingine zimewekewa alama kwamba zinamfaa mtu wa kuanza. Chagua moja iliyo ndogo. Angalia kama kuna mwingine aliyekwisha kuichukua. Kama hakuna, sema kwamba unaijaribu. Ukimaliza, peleka marekebisho yako, nao watayakagua kabla ya kuyapokea.

KOSA LANGU LA KWANZA

Mradi nilioingia mimi ni mdogo. Sitataja jina lake, kwa sababu ninayoyasema yanafaa kwa miradi yote ya namna hii. Niliingia kwa mlango wa kutafsiri. Na kwa sababu moyo ulikuwa bado unawaka juu ya ile habari ya jetoni, nilikaa usiku mmoja nikabadilisha mistari zaidi ya arobaini. Kila neno nililoona ni la vitabuni niliondoa, nikatia la kwetu. Kwa mfano, programu inahifadhi fomu ambazo mtu hajazimaliza. Kiswahili cha vitabu kinaziita rasimu. Mimi nikaandika bruyo, kama tunavyosema kwetu kutokana na Kifaransa.

Asubuhi nilipata jibu la mtu wa kujitolea kama mimi, anayekaa Tanzania. Alinikaribisha, akanishukuru, kisha akaandika "lakini". Mimi nilisoma lile "lakini" tu. Alisema nimebadilisha mengi kwa mara moja, hivyo ni vigumu kuyakagua. Alisema Tanzania na Kenya hakuna atakayeelewa bruyo. Aliniomba nipeleke maneno machache machache, na kwa kila neno nieleze sababu.

Nilikasirika sana. Nilijiambia: hata hapa tunafukuzwa. Siku tatu sikufungua simu kwa kazi hiyo.

Mzee wa hema la pili aliniona nimenuna, nikamweleza. Akaniuliza: "Ulipofika katika jamaa iliyokupokea mara ya kwanza, siku ya kwanza ulihamisha mafiga ya mama wa nyumba?" Nikasema hapana. "Ulifanya nini?" Nikasema nilisalimu, nikakaa, nikaangalia wanavyoishi, kisha nikauliza ni kazi gani naweza kusaidia. Akasema: "Basi huko nako ni hivyohivyo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe ulifika usiku, ukalima shamba zima kabla hujaonyeshwa mipaka. Rudi ukaombe jembe."

Nilirudi. Nilisoma kwanza kanuni za mradi, jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilisoma pia mazungumzo ya zamani, nikaona kwamba neno rasimu walilijadili kabla sijafika. Kisha nikaandika kwa utaratibu: "Kwetu katika Kongo, vijana wanaohesabu watu hawaelewi rasimu. Wakikosa kuelewa, wanaacha fomu ndani wakidhani imekwisha, na jamaa nzima inakosa kuhesabiwa." Mwenzangu wa Tanzania alijibu kwamba hakujua jambo hilo. Tuliandikiana siku kadhaa. Mwisho tuliacha neno lake na neno langu, tukaandika tu: "Hazijamalizika." Kila mtu analielewa, awe Masisi au Morogoro.

Hadi leo sijui kabila la mtu yule, naye hajawahi kuniuliza langu. Tumesahihishana mara nyingi. Tulishindana juu ya neno, na kila mmoja alitakiwa kuleta sababu mbele ya wote. Ndugu zangu, ninapofikiri juu ya ile barabara ya kambini na mawe yaliyookotwa, najiuliza ingekuwaje kama jioni ile tungekuwa na mahali pa kuandika sababu zetu, na watu wa kuzikagua.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Sitaki kuwadanganya. Kazi hii ina hatari zake.

Kwanza, majina ya watu. Ukitaka kuonyesha kasoro, utashawishika kupiga picha ya kioo cha simu na kuituma. Angalia vizuri kabla ya kutuma. Kama katika picha ile kuna jina la mama fulani, kijiji chake na idadi ya watoto wake, umemweka uchi mbele ya dunia nzima, kwa sababu orodha za kasoro zinasomwa na yeyote. Katika nchi ya vita, orodha ya majina inaweza kuua. Tengeneza fomu ya kujaribia yenye majina ya uongo, kisha piga picha ya hiyo.

Pili, pesa. Mradi wa kweli hautakuomba ulipe ili ujitolee. Mtu akikuambia tuma dola kumi za kuandikishwa, mkimbie.

Tatu, kujitolea si mshahara. Mimi sijapata mshahara kwa kazi hii. Nimepata mazoezi, nimepata watu wanaonifahamu, na Kiingereza changu kimeongezeka. Baba mwenye watoto asiache kibarua kwa ajili yake. Mimi nilijiwekea saa mbili kwa juma.

Nne, mega za intaneti na umeme. Vijana wakikutana pamoja, mmoja anaweza kupakua maandishi mara moja, wote wakafanya kazi bila mtandao, kisha akayatuma mara moja. Hivyo gharama inagawanyika.

Tano, ulimi. Miradi mingi ina kanuni za mwenendo zinazokataza matusi na dharau. Anayezivunja anaweza kufungiwa mlango. Tusipeleke huko ugomvi wetu wa huku.

NENO KWA WASHEFU NA KAMATI

Wakubwa wangu, ninawaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalotaka kompyuta.

Shirika likija kuhesabu, ombeni maswali yasomwe kwa sauti mbele ya kamati siku moja kabla. Asikilize mama mmoja na baba mmoja kutoka kila upande wa kambi au wa kartie, hasa wale wasiosoma. Wakisema swali fulani halieleweki, wanaohesabu walirekebishe kabla ya kuanza.

Ombeni kwamba wote wanaohesabu waulize kwa maneno yaleyale. Kwetu fitina ilitoka hapo: mmoja alisoma swali, mwingine alilieleza.

Ulizeni mapema: mtu aliyesahauliwa alalamike wapi, na kwa siku ngapi? Jibu hilo litangazwe kabla ya mgawo.

Na mwisho, wapeni vijana wenu nafasi. Kama parokia au shule ina chumba, waruhusuni wakutane mara moja kwa juma, wasichana kwa wavulana, mchana na si usiku, ili wazazi wa wasichana wawe na amani. Katika jamaa nyingi simu moja iko mikononi mwa baba au kaka. Tusipoangalia, dada zetu watabaki nje ya mlango huu pia, wakati wao ndio wanaokaa foleni za mgawo na kujua ni nani aliyesahauliwa.

KILICHOBAKI

Mwanzo wa mwaka 2025 vita vilifika Goma, na kambi zilizozunguka mji zikavunjwa. Tulihama tena. Njiani nilipoteza simu, vitabu vyangu vya shule, na ile sanduku ya nguo tuliyoibeba tangu Masisi. Nilikaa miezi mingi bila kugusa kazi hii, maana nilikuwa natafuta mahali pa kulaza watoto.

Nilipopata simu nyingine, nilikumbuka neno langu la siri, nikafungua. Maneno niliyoyaandika yalikuwa bado pale, na kila badiliko lilikuwa na jina langu na tarehe yake. Mwenzangu wa Tanzania alikuwa ameandika mara mbili kuuliza kama niko hai. Nilikaa kimya muda mrefu mbele ya kioo kile. Nyumba yangu ilichomwa, hema langu lilivunjwa, lakini kazi ile hakuna aliyeipora.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliohama tumezoea kuhesabiwa kama midomo ya kulishwa. Ni kweli, tuna njaa, na msaada tunauhitaji. Lakini tunajua pia mambo ambayo mwenyeji hayajui. Tunajua neno gani linaleta ugomvi, na swali gani linamwacha mjane nje. Ujuzi huo una kazi, hata katika nyumba kubwa kama hizi za programu. Tuingie kwa adabu, tuombe jembe, tuanze na mstari mmoja.

Yule mama mjane sijui aliko sasa. Tulipotezana katika safari ya mwaka 2025. Kila ninapotafsiri kitufe au swali, najiuliza swali moja tu: kama simu hii ingemfikia yeye, angeelewa anachoulizwa? Kama jibu ni hapana, nafuta na kuanza upya.

Wanaotaka kuanza, wanione baada ya mkutano huu. Tutahitaji simu tatu zinazowaka, daftari moja, na mtu mmoja atakayekubali kusema bila aibu: "Hapa sikuelewa."